Usafiri wa Juu (2): Nguzo za Nairobi

Wiki jana tulikuwa Ujerumani, mjini Wuppertal, ambako mabehewa yananing'inia juu ya mto tangu 1901. Leo turudi nyumbani.

Monoreli ya kawaida, kama ile ya Tokyo ya 1964, haining'inii. Behewa hulipanda boriti moja la zege. Magurudumu ya mpira hubeba uzito kwa juu, mengine madogo hulibana boriti ubavuni. Mpira hushika vizuri, kwa hiyo treni hii hupanda miinuko ambayo gurudumu la chuma lingeteleza. Sifa hiyo ingefaa sana magharibi mwa Nairobi, kwani Kileleshwa, Lavington na Kangemi ni vilima na mabonde ya mito tupu. Reli ilifika Nairobi 1899, na njia yake ya sasa kwenda Kikuyu hainyooki: huzunguka kupitia Kibera na Dagoretti ikitafuta mwinuko mpole.

Monoreli hatuna. Tulichoinua ni barabara, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na China Road and Bridge Corporation na kufunguliwa 2022. Karibu kilomita 9 zake ziko juu ya nguzo. Kwa aliye ndani ya gari, raha ipo, tusidanganyane. Ukielekea Westlands, Uhuru Park inapita kushoto, na chini yako matatu zimebanana, makanga mlangoni akipigapiga bati, foleni haisogei. Mbele, kando ya Waiyaki Way, kuna mti mkubwa wa mugumo ulionusurika shoka 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta, baada ya watu kupiga kelele.

Lakini huko juu hakuna steji. Bodaboda haziruhusiwi, wala mtembea kwa miguu. Ada ilipopanda mwanzoni mwa 2024, gari dogo lilitozwa shilingi 500 kwa njia nzima. Abiria wa Kangemi amebaki chini, na kivuli amewekewa.

Kuna jambo zito zaidi ya ada. Mara nyingi monoreli husimamishwa katikati ya barabara kuu, penye ukanda mwembamba usio wa mtu binafsi. Kwenye Uhuru Highway na mwanzo wa Waiyaki Way, ukanda huo umeshachukuliwa na nguzo za Expressway. Atakayetaka kuleta monoreli magharibi itabidi aanze kupima Ngong Road, nayo tutaikagua wiki ijayo.