Maili za ndege: Mtaji unaopotea mikononi mwa wafanyabiashara wa Dar

KWA muda mrefu sasa safari ya Guangzhou, Dubai au Istanbul imekuwa sehemu ya kawaida ya biashara kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam. Kuna wauza nguo wa Sinza na Mwenge, wauza vipuri wa Tandika, wauza vyombo wa Mbagala, na wale wanaowaletea wafugaji wa Tegeta na Kigamboni mashine za kutotolesha vifaranga na pampu za maji. Wengi wao hupanda ndege mara tatu, nne au zaidi kwa mwaka.

Mfanyabiashara wa aina hiyo hujua bei ya kila kitu. Anajua jozi ya viatu inanunuliwa kwa kiasi gani, kontena linagharimu shilingi ngapi na dola imepanda kwa kiasi gani tangu wiki iliyopita. Hata hivyo, ukimuuliza ana maili ngapi za ndege, mara nyingi hana jibu. Hajui kwamba kila anaposafiri kuna kitu anachodai kutoka kwa shirika la ndege, na kwamba asipokidai kinapotea.

Kitu hicho ni pointi ambazo mashirika ya ndege huwapa abiria wa mara kwa mara, ambazo wengi huziita maili. Zikifikia kiwango fulani, abiria hupata tiketi, mzigo wa ziada au nafasi katika daraja la juu. Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye faida yake ni nyembamba, tiketi moja ya kwenda China isiyolipiwa bei kamili inaweza kutofautisha safari yenye faida na safari ya kurudisha gharama tu.

Zilikoanzia

Mpango huu ulianza kupata nguvu Marekani baada ya serikali ya huko kulegeza udhibiti wa biashara ya usafiri wa anga mwaka 1978. Ushindani wa nauli ulikuwa mkali, na mashirika yakatafuta njia ya kuwafunga wateja wao wasihame. Mwaka 1981 American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage, na mshindani wake United akafuata mwaka huo huo.

Wazo hilo likasambaa duniani. Emirates ya Dubai ilianzisha Skywards mwaka 2000. Air France na KLM, baada ya kuungana mwaka 2004, zilianzisha Flying Blue mwaka 2005. Ethiopian Airlines ina ShebaMiles, Turkish Airlines ina Miles&Smiles, Qatar Airways ina Privilege Club, Kenya Airways ina Asante Rewards na RwandAir ina Dream Miles. Shirika letu la Air Tanzania nalo lina mpango uitwao Twiga Miles.

Ni vyema msomaji akumbuke shabaha ya mipango hiyo. Haikuanzishwa kwa hisani. Ilianzishwa ili abiria alipe nauli kubwa zaidi au arudi kwa shirika lile lile hata pale jingine linapouza kwa bei nafuu. Mwenye kufaidika ni yule anayeitumia kwa hesabu.

Kujiunga ni bure

Hatua ya kwanza ni rahisi. Kujiunga hakuna malipo. Unaingia kwenye tovuti ya shirika kwa simu yako, unajaza jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, kisha unapewa namba ya uanachama. Namba hiyo ndiyo unayompa wakala wa tiketi wakati wa kununua, au unaitaja kwenye kaunta kabla ya kupewa boding pasi.

Tatizo la kwanza huwa ni majina. Jina la kwenye uanachama linatakiwa kuwa sawa na la kwenye pasipoti na tiketi. Aliyejiandikisha Mwanaidi na tiketi ikaandikwa Mwanaid, au mama aliyejiunga kwa jina la mume ilhali pasipoti ina jina la baba, anaweza kukuta maili zake hazikuingia.

Aidha, wengi hutupa boding pasi mara tu wanapotoka uwanja wa Julius Nyerere. Hilo ni kosa. Maili zisipoonekana ndani ya siku chache, mashirika mengi huruhusu kuzidai kwa miezi kadhaa baada ya safari, na huhitaji namba ya tiketi na boding pasi. Zihifadhi kama unavyohifadhi risiti za mzigo.

Si kila tiketi ina maili sawa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Watu wawili wanaweza kukaa viti vilivyopakana katika ndege moja, mmoja akapata maili nyingi na mwingine kidogo sana. Sababu ni daraja la nauli, ambalo huonyeshwa kwa herufi moja kwenye tiketi. Tiketi za bei ya chini kabisa hupewa sehemu ndogo tu ya maili, na baadhi ya tiketi za vikundi hazipewi chochote.

Tuchukue mfano. Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Addis Ababa ni takriban maili 6,100, sawa na kilometa 9,800. Kwenda na kurudi ni kama maili 12,200. Kwa mpango unaohesabu umbali, tiketi inayotoa asilimia 100 itampa abiria maili zote hizo. Inayotoa asilimia 50 itampa 6,100, na ya asilimia 25 itampa 3,050 tu.

Mtu anayefanya safari nne kwa mwaka atakuwa na maili 48,800 katika hali ya kwanza na 12,200 katika hali ya mwisho. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala ni moja: “Tiketi hii inatoa maili asilimia ngapi?”

Mipango mingine haihesabu umbali. Flying Blue, kwa mfano, tangu mwaka 2018 hutoa maili kulingana na fedha ulizolipa. Katika mpango wa namna hiyo, msafiri wa mbali aliyenunua tiketi ya bei nafuu hapati zaidi ya aliyelipa nauli kubwa kwa safari fupi.

Chagua kikapu kimoja

Kosa kubwa kuliko yote ni kutawanya. Leo unapanda Emirates, mwezi ujao Ethiopian, baadaye Qatar, na kila mahali una maili kidogo ambazo hazinunui kitu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai ukimwaga nafaka katika vibaba vitano.

Dawa yake ni kuelewa miungano ya mashirika. Turkish Airlines iliingia katika muungano wa Star Alliance mwaka 2008, na Ethiopian iliingia mwaka 2011. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara anayefuata nguo Istanbul na vifaa vya umeme Guangzhou anaweza kuziweka safari zote mbili katika namba moja, kwa mfano ya ShebaMiles, ilimradi daraja la nauli liwe linaruhusu. Qatar Airways iko katika muungano wa oneworld tangu mwaka 2013.

Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo, lakini flydubai hutumia Skywards tangu mwaka 2018. Anayekwenda Dubai mara kwa mara anaweza kuona hapo ndipo pa kuegemea. Chagua kwa kuangalia njia unayopita mara nyingi.

Kilo za mzigo ndizo faida

Matangazo ya mipango hii huonyesha watu waliovaa suti wakinywa kahawa katika vyumba vya mapumziko. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeishi Mbagala, kahawa hiyo si kitu. Kwake faida kubwa ni mzigo.

Abiria akisafiri vya kutosha ndani ya muda uliowekwa hupandishwa daraja la uanachama. Kwa Emirates, daraja la Silver hufikiwa kwa maili za daraja 25,000 au kwa kupanda ndege mara 25. Safari ya kwenda na kurudi Guangzhou kupitia Dubai ni kupanda ndege mara nne, hivyo safari saba zinatosha kuvuka kiwango hicho. Katika njia zinazohesabu mzigo kwa kilo, mwanachama wa Silver huongezewa kilo 12, wa Gold 16 na wa Platinum 20.

Katika Star Alliance, mwenye daraja la Gold huongezewa kilo 20 katika njia zinazohesabu kilo, au begi moja zaidi katika njia zinazohesabu mabegi. Anayebeba simu, nywele za bandia au vipuri vidogo anajua thamani ya kilo 20 zinazopanda bila kulipiwa. Masharti hutofautiana kwa njia na hubadilika, hivyo ulizia kabla ya kufungasha.

Piga hesabu kabla ya kutumia

Tiketi ya maili si ya bure kabisa. Abiria bado hulipa kodi na ada za viwanja, na baadhi ya mashirika huongeza tozo zao. Ili kujua kama unafaidika, chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili zinazotakiwa.

Tuseme tiketi inauzwa Sh1,800,000, kodi na ada ni Sh500,000 na maili zinazotakiwa ni 40,000. Unabaki na Sh1,300,000, ambazo ukizigawa kwa 40,000 unapata Sh32.50 kwa kila maili.

Hesabu hiyo hukusaidia pia wakati wa kununua. Kama shirika lako linauza tiketi ghali kwa Sh200,000 kuliko jingine, na utapata maili 3,000, basi unapata thamani ya Sh97,500 kwa kulipa Sh200,000. Hapo umepata hasara. Panda ile ya bei nafuu, kwani kutafuta maili kwa nauli kubwa ni sawa na kununua ng'ombe kwa ajili ya kamba yake.

Jihadhari na haya

Maili huoza. Za Skywards hudumu kwa miaka mitatu. Za Flying Blue hufutwa baada ya miaka miwili bila safari inayostahili. Tena, shirika linaweza kuongeza idadi ya maili zinazotakiwa kwa tiketi ile ile. Kwa sababu hiyo maili si akiba ya kuweka miaka kumi kama kiwanja cha Chanika. Zikitosha, zitumie.

Viti vya maili huwa vichache, hasa katika misimu ya watu wengi. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufanyika kila mwaka kuanzia Aprili na tena kuanzia Oktoba, na Desemba ndege nyingi hujaa. Anayetaka kiti cha maili kwa nyakati hizo aanze kutafuta miezi kadhaa kabla, au apange safari katika miezi isiyo na msongamano.

Lingine ni tiketi za bei ya kutupa zinazotolewa kwa maili za mtu mwingine. Mashirika hukataza kuuza na kununua maili kwa njia hiyo, na yakigundua yanaweza kufuta tiketi na kufunga uanachama. Abiria anaweza kujikuta amekwama kaunta, au mbaya zaidi, amekwama ugenini akiwa na mzigo.

Kuwapa ndugu zako ni jambo tofauti. Mipango mingi humruhusu mwanachama kumkatia mwanafamilia tiketi kwa maili zake, na baadhi, kama Skywards, huruhusu familia kukusanya maili pamoja. Mume na mke wanaopokezana safari za duka wanaweza kufika mapema zaidi. Maili hizo zinaweza kumpeleka mama Jeddah kwa ajili ya Umra, au kumrudisha nyumbani likizo kijana anayesoma India au Uturuki.

La kufanya leo

Kwa yule mwenye safari mwezi huu, kazi si kubwa. Fungua pasipoti, hesabu mihuri ya mwaka uliopita na uone njia ipi umepita zaidi. Jiunge na mpango mmoja unaohudumia njia hiyo kwa majina yale yale ya pasipoti. Kama bado una boding pasi za safari za karibuni, uliza kama zinaweza kudaiwa, kwa kuwa mashirika kadhaa hukubali hata safari za muda mfupi kabla ya kujiunga.

Kisha andika maili katika daftari la biashara, pamoja na tarehe zitakapokufa, kama unavyoandika madeni ya wateja. Nauli umekwisha kuilipa, na sehemu ya maili hizo imo ndani yake. Mfanyabiashara asiyemsamehe mteja deni la Sh50,000 hana sababu ya kulisamehe shirika la ndege deni la tiketi nzima.