Watoto wa kasa na njia ya kwenda baharini

Kasa huishi baharini lakini huzaliwa mchangani. Ziwa Tanganyika halina kasa wa baharini, kwa kuwa maji yake si ya chumvi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kasa hupatikana Muanda, kwenye pwani fupi ya Atlantiki, iliyo na hifadhi ya bahari na mikoko tangu mwaka 1992. Katika Bahari ya Hindi, kisiwa cha Juani, Mafia, nchini Tanzania, ni mahali panapojulikana kwa kutazama watoto wa kasa wakiingia majini, hasa kati ya Juni na Septemba.

Jike la kasa wa kijani hupanda ufukoni usiku, hutaga mayai 100 hivi shimoni, huyafukia na kwenda zake. Mchanga wenye joto ndio unaoyaatamia kwa siku 50 hadi 60. Joto hilo pia huamua jinsia: likizidi nyuzi 29 hivi huzaliwa majike zaidi, likipungua huzaliwa madume zaidi.

Mtoto hutoboa ganda kwa jino dogo la muda lililo kwenye ncha ya mdomo. Ndugu wote hukwangua mchanga kwa pamoja siku kadhaa, na karibu na juu hutulia hadi mchanga upoe. Ndiyo maana wengi hutoka usiku. Kwanza mchanga hubonyea kama bakuli, kisha hutokeza kichwa cheusi, halafu makumi ya watoto wenye urefu wa sentimeta 5 hivi humiminika kwa pamoja.

Hushuka mteremko wakifuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa za majengo huwapotosha wakaelekea bara. Wakifika majini huyakabili mawimbi na kuogelea takriban siku nzima, kwa nguvu ya kiini cha yai kilichobaki tumboni.

Nguvu hiyo ni akiba isiyoongezeka, hivyo kuwaweka watoto ndooni wakisubiri watazamaji ni kuwadhuru. Wanapaswa kutambaa wenyewe. Watazamaji husimama pembeni na kuacha njia wazi, bila kuwashika wala kuwasha taa za kamera. Watoto wa kiota wakishatoka, walinzi wa viota hukifukua, huwaokoa walionasa kwenye mizizi na kuhesabu maganda. Kiota kilicho hatarini kuzama huhamishwa saa chache tu baada ya mayai kutagwa, bila kuyageuza, kwa sababu baadaye kiinitete hushikamana na ganda na hufa kikitikiswa.

Hukadiriwa kuwa katika watoto 1,000, mmoja hivi ndiye hufikia utu uzima, na huchukua miaka 20 hadi 50 kabla ya kuzaa. Kwa hiyo kila kiota kina thamani kubwa. Huko Mafia, shirika la Sea Sense, lililoanza mwaka 2001, huwafundisha wanakijiji kulinda viota, na sehemu ya ada ya wageni hurudi kijijini. Hivyo wakazi hupata faida kwa kuyaacha mayai mchangani yaanguliwe.