Falsafa ya mwandishi kwa mstari mmoja

Aliyesoma Kiswahili hadi Kidato cha Nne au cha Sita Tanzania anaweza kuamshwa usiku wa manane akaitaja orodha hii bila kukosea: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, mtazamo, falsafa. Hayo ndiyo maudhui. Ukifunua ukurasa unaofuata unaikuta fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Riwaya, tamthiliya na diwani zote hupitishwa humohumo, na zikitoka upande wa pili zimekuwa mapacha.

Katika orodha hiyo, kipengele kinachoonewa kuliko vyote ni falsafa. Kwenye madaftari ya wanafunzi, na kwenye vijitabu vya uhakiki vinavyopangwa chini kando ya vituo vya daladala, falsafa ya mwandishi haizidi mstari mmoja. Mwandishi anaamini kuwa haki hushinda. Mwandishi anaamini kuwa umoja ni nguvu. Mwandishi anaamini kuwa penzi la kweli halinunuliwi. Mwanafunzi anaweka nukta, anaruka mstari, anaendelea na muundo. Hakuna aliyemuuliza mwandishi huyo amejuaje, wala kama kweli anaamini anachosingiziwa, wala kama imani yenyewe ina mashiko.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria katika nchi isiyoitaka. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anapewa siku sita za kujitetea, naye kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali, akarudi na mambo ya kuifaa nchi yake, akalipwa kifungo. Mwisho mfalme anamwachia huru, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Kijitabu cha kituo cha daladala kitakwambia: falsafa, mwandishi anaamini kuwa haki hushinda dhuluma. Sawa. Lakini hebu tazama haki hiyo imeshindaje. Karama ni mtu wa sheria, na kilichomwokoa si sheria. Kilichomwokoa ni kauli ya mfalme, yaani kauli ileile ambayo ingeweza kumtia kitanzini na pasiwepo wa kuipinga. Je, Shaaban Robert anaamini sheria, au anaamini moyo mwema wa mtawala? Mmoja anaweza kujenga hoja kwamba hotuba za siku sita mbele ya baraza zima zilimbana mfalme hata akakosa pa kutokea, na huo ni mwanzo wa sheria. Mwingine atasema Karama alibahatika tu, na kwamba siku mfalme mwingine akiketi kitini, Majivuno atarudi na mashtaka yake. Hizo ni insha mbili zinazogombana, na zote zinathibitika kwa kurasa za kitabu kimoja. Kijana wa miaka 17 ana uwezo kabisa wa kuandika mojawapo. Tatizo ni kwamba hajaombwa.

Vipengele hivi havikuzaliwa vikiwa mfu, na ni vizuri tukumbuke vilikotoka. Msamiati huu ulishamiri miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati nchi ikiwa na joto la Azimio la Arusha la mwaka 1967. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976; F.E.M.K. Senkoro na wenzake wakafuata. Kuuliza msimamo wa mwandishi siku zile kulikuwa ni kumuuliza yuko upande wa nani, wa mkulima au wa bwanyenye, na jibu liliweza kuvunja urafiki. Ushairi nao ukagawa watu kambi mbili. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wanamapokeo walikataa katakata kuyaita mashairi. Wakaandikiana, wakarushiana maneno, hawakuona haya.

Leo mwanafunzi anaandika "msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi" kwa utulivu wa mtu anayejaza fomu ya kuunganishiwa umeme.

Kezilahabi huyohuyo ndiye anayewatesa zaidi watungaji wa vijitabu. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Yaani jambo ambalo sisi tumelimaliza kwa mstari mmoja, yeye alilifanyia kazi ya daktari. Katika Kichwamaji, Kazimoto anazunguka na swali la maana ya maisha hadi anajiondoa duniani. Sasa andika ujumbe. Nimewahi kuona umeandikwa hivi: kujiua si suluhisho la matatizo. Hakuna atakayepinga, lakini kwa jibu hilo riwaya nzima ingeweza kubandikwa ukutani zahanati na kazi ikaisha. Swali la Kazimoto, kama kuna sababu yoyote ya kuendelea pale ambapo mila za wazee hazimtoshi na elimu ya kizungu haimjazi, limebaki kitabuni bila mtu wa kuligusa.

Kenya wana utaratibu wao. Fasihi ina karatasi yake, ya tatu, yenye alama 80, na kwenye ushairi wanafunzi wa huko wanaujua ufundi kweli. Watakuonyesha ukwapi na utao, watataja bahari, wataorodhesha inkisari, mazida na tabdila chini ya uhuru wa mshairi, wataandika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Mimi siyadharau haya hata kidogo. Asiyeisikia mizani halijui shairi. Ila kutambua kwamba beti zina mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia, ni kuhesabu. Uhakiki unaanza unapouliza minne hiyo inafanya nini. Kibwagizo kinachorudi mwisho wa kila ubeti hakirudi na maana ileile. Baada ya ubeti wa kwanza kinaweza kuwa onyo, baada ya wa tano kikawa kejeli, na mwisho kikasikika kama dua. Mwanafunzi akilionyesha hilo, atakuwa ameshika fani na falsafa kwa mkono mmoja.

Linalonishangaza ni kwamba kubishana ndiyo asili ya ushairi wetu. Muyaka wa Mombasa na malenga wa Lamu walijibizana kwa beti katika siku za uhasama wa miji yao. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa ambamo wasomaji waliulizana na kujibizana kwa mashairi. Watu hao walisoma shairi ili walijibu. Mtoto wa shule leo analisoma ili alichambue, na kuchambua kumekuwa kama kuchambua mchele: unatoa chuya, unapima, unafunga.

Tusiwatupie walimu lawama yote. Mwenye mikondo minne ya wanafunzi hawezi kusoma insha zao zote za kurasa tano kila wiki, na msahihishaji wa mtihani wa taifa anahitaji hoja anayoweza kuiwekea tiki. Ndiyo maana maswali husema wazi: toa hoja tatu kutoka kila kitabu. Tatu zikionekana, alama zimepatikana. Hata Ufaransa, ambako kila mwezi Juni wanafunzi wanaomaliza sekondari huketi saa 4 kuandika insha ya falsafa, biashara ya vijitabu vya kukariri ipo palepale. Tofauti ni kwamba swali la Wafaransa haliwezi kumalizwa kwa kutaja tu. Sharti mwanafunzi aweke hoja, aipinge mwenyewe, kisha aamue. Na sasa kuna akili mnemba, ambayo itakupa fani na maudhui ya kitabu chochote kabla chai haijapoa. Kinachoandikika kirahisi namna hiyo kilikuwa chepesi tangu zamani, tulikuwa hatujaambiwa tu.

Mwalimu anayetaka kujaribu njia nyingine hahitaji kusubiri waraka wa wizara. Kipindi kimoja kinatosha. Aligawe darasa mara mbili, nusu wamtetee Karama, nusu wamtetee Majivuno, na hawa wa pili wajitahidi kwa dhati: kwa nini nchi iliyotulia iogope watu wanaofundisha sheria, na je, hofu hiyo ni ya kijinga kweli? Wanukuu kitabu, si kijitabu. Wakishachoka kelele, kila mmoja achukue kalamu aandike upande wake, na maneno "mwandishi anaamini" yasionekane kabla ya ukurasa wa pili.