Kabla ya Kununua HiAce Kuukuu, Uliza Ilifeli Wapi

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika huuliza kama gari limepita ukaguzi. Muuzaji hutoa cheti, na mazungumzo huhamia kwenye bei. Kwa Toyota HiAce iliyokwisha kutembea miaka kumi na mitano, swali hilo halitoshi. Gari lililotunzwa na gari lililokarabatiwa usiku wa kuamkia ukaguzi hupata cheti kinachofanana. Yanayoyatofautisha ni mambo yaliyofelisha kila moja kabla ya kupita, na kama mambo hayo hayo yanajirudia mwaka hadi mwaka.

HiAce ya toleo la H200, lililoanza kutengenezwa mwaka 2004, ni miongoni mwa magari yanayobeba abiria wengi Afrika Mashariki: matatu za Kenya, vipanya vya Tanzania, teksi za Uganda. Nyingi zililetwa kutoka Japani zikiwa zimetumika. Ni gari imara, lakini uimara wa injini huwafanya wenye magari wasahau breki, chasisi na matairi. Humo ndimo linamofeli.

Tuanze na breki. Kwenye mashine ya ukaguzi, magurudumu huwekwa juu ya mitungi inayozunguka, dereva akakanyaga pedali, mashine ikapima nguvu ya kila gurudumu peke yake. Dereva barabarani huhisi tu kwamba gari limesimama, ila mashine huonyesha kuwa gurudumu la kushoto linafanya kazi kuliko la kulia. Uingereza, gurudumu lenye breki dhaifu likitoa chini ya asilimia 70 ya nguvu ya mwenzake kwenye ekseli hiyo hiyo, gari limefeli. Kushoto kukisoma 300 na kulia 200, hiyo ni asilimia 67. Gari la namna hiyo likikanyagwa breki ghafla kwenye lami yenye maji huvutwa upande mmoja.

HiAce ina breki za diski mbele na za dramu nyuma. Tatizo la kawaida liko nyuma: silinda ndogo ya breki huvuja na kulowesha viatu vya breki, au kirekebishi cha upande mmoja hukwama. Kebo ya hendibreki nayo huingia maji na vumbi mpaka ikaganda. Lipo pia kosa lisiloonekana kirahisi. Nyingi ya gari hizi zina vali inayosoma jinsi bodi inavyoshuka kwa mzigo, kisha ikaongeza au kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Mwenye gari akiongeza majani ya springi ili abebe zaidi, bodi haishuki tena kama zamani. Vali inadhani gari halina mzigo, inabana mafuta ya breki, na gari lililojaa watu linabaki kutegemea breki za mbele.

Linalofuata ni miguu ya mbele. Barabara za mashimo humaliza boli joint, ncha za tairodi na bushi za mikono. Fundi huliinua gari kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, kuna kiungo kilichochoka. Mashine ya kupima mwelekeo nayo hutoa ushahidi wake: Japani, gari likipita juu ya bamba halitakiwi kuteleza kando zaidi ya milimita 5 kwa kila mita 1. Ukiona tairi za mbele zimeliwa upande mmoja, usikubali kuambiwa zinahitaji alaimenti tu. Viungo vikiwa vimelegea, alaimenti ya leo haitadumu.

Kuhusu tairi zenyewe, soma maandishi ya ubavuni. HiAce nyingi huvaa tairi za 195/80R15 zenye alama ya mzigo 107, maana yake tairi moja hubeba kilo 975. Tairi ya gari dogo yenye alama 91 hubeba kilo 615. Zikisimama pamoja zinaweza kuonekana zinalingana, lakini moja haikutengenezwa kwa kazi hii. Tazama pia tarakimu nne za tarehe: 2319 ni tairi ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wapo wanaoazima tairi nzuri kwa siku ya ukaguzi na kuzirudisha jioni, kwa hiyo zilinganishe tairi unazoziona na tarehe ya cheti. Mpira mkongwe uliopasuka ukingoni kwenye gari lililopita ukaguzi wiki iliyopita ni jambo la kuulizia.

Kutu inahitaji macho na nyundo ndogo. Gari lililotoka Hokkaido au sehemu nyingine za Japani zenye theluji limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi, na lililofanya kazi Mombasa, Tanga au Zanzibar limekaa kwenye upepo wa bahari. Chungulia kwenye mihimili ya chasisi, mahali springi zinaposhikiliwa, na mabomba ya breki. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari zima hustahili kutiliwa shaka. Gonga: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu.

Taa zinafelisha magari mengi kwa kosa dogo. Balbu za LED zikiwekwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni hutawanya mwanga na kumpofusha dereva anayekuja. Kuna pia suala la mpaka: taa za Japani zimepangwa kwa wanaoendesha upande wa kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Gari hilo likivushwa kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, kunakoendeshwa kulia, mwanga wake huwapiga machoni wanaokuja.

Sasa mipaka ya kipimo chenyewe. Ukaguzi wa MOT wa Uingereza haupimi hali ya injini, klachi wala giaboksi, na cheti chake hakiahidi kwamba gari litabaki salama mwaka mzima. Kwa HiAce za dizeli hilo lina uzito. Injini ya 1KD ya lita 3.0 inajulikana kwa mafundi kwa kasoro ya nozeli: muhuri wake ukivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la chini, na injini hukosa oili huku moshi wa bomba ukisomeka vizuri kwenye mashine. Tena gari hupimwa likiwa tupu, ilhali kazini hubeba watu kumi na wanne na mizigo yao. Kipimo kinasema kweli kuhusu kilichopimwa tu, katika saa ile.

Ndiyo maana historia ina thamani kuliko karatasi moja. Omba vyeti vya miaka iliyopita na risiti za vipuri. Kwa gari lililotoka Japani moja kwa moja, linganisha kilomita za dashibodi na zilizoandikwa kwenye cheti cha kuliuza nje. Breki za nyuma zikiwa zimefelisha gari miaka mitatu mfululizo, mwenye gari hakutibu ugonjwa. Alinunua cheti kwa ukarabati wa siku moja. Gari lililofeli mara moja kwa boli joint, likabadilishwa vipuri na lisirudie, ni gari lenye mwenyewe. Kisha lipeleke kwa fundi wako, si wa muuzaji, na ulijaribu likiwa na watu ndani.

Uingereza, mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kusoma bure mtandaoni matokeo ya MOT ya gari hilo: lilipopita, lilipofeli na kwa sababu gani. Nchi zetu nazo zinastahili utaratibu huo, hasa kwa magari ya abiria. Mama anayempandisha mtoto wake kwenye matatu saa kumi na mbili asubuhi hana nafasi ya kulala chini ya gari kuangalia mabomba ya breki. Wakaguzi wamekwisha kuangalia kwa niaba yake, na ana haki ya kujua walichokiona.