Sala ya alfajiri haipunguzi deni, hupunguza woga

WAHENGA walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Lakini kwa familia nyingi za mji kama Nairobi, asubuhi huanza kwa mshikemshike. Maji yamekatika, mtoto haioni soksi yake ya pili, basi la shule linapiga honi langoni, na nauli ya matatu imepanda kwa sababu ya manyunyu kidogo tu ya mvua. Baba anatoka bila kuaga. Mama anafoka. Watoto wamenuna. Jua halijachomoza, na tayari kila mtu amechoka.

Katika hali kama hiyo, mtu akikushauri uamke mapema zaidi ili usali, huenda ukadhani anakutania. Usingizi wenyewe hautoshi! Hata hivyo, wako Wakristo wengi mitaani mwetu ambao wameishika desturi hii kwa miaka mingi. Si wachungaji wala mapadri pekee, bali pia wachuuzi, walimu, mabawabu na wanafunzi. Watakwambia kwamba bila dakika hizo chache za alfajiri, siku ingewashinda.

Mmoja wao ni mama wa mtaa wa Kayole ambaye hakupenda jina lake litajwe. Kwa miaka mingi aliuza sukumawiki na nyanya kando ya barabara. Kila siku ilimbidi atoke nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili awahi soko la Wakulima, au Marikiti kama wengi tunavyoliita, kabla mboga nzuri hazijaisha. Mumewe aliachishwa kazi, akaugua na kufariki. Mama akabaki na watoto watatu, kodi ya nyumba ya miezi minne na deni la hospitali.

"Mwanzoni niliomba kwa nguvu zangu zote," alinisimulia. "Nilimwambia Mungu alipe kodi, alipe hospitali, alipe karo. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akatia kufuli lake mlangoni, tukalala kwa jirani. Nikakasirika. Karibu mwaka mzima sikuomba. Nilikuwa nikiamka, nachukua gunia langu, naenda."

Nilipomuuliza kilichomrudisha magotini, alicheka kidogo.

"Ni woga, mwanangu. Nilikuwa nikiamka moyo unapiga mbio, hata ufunguo siwezi kuutia mlangoni. Siku moja nikapiga magoti gizani, watoto wamelala, nikasema tu: Baba, leo naogopa. Sikuomba pesa. Nikakaa hapo kidogo, kisha nikaenda sokoni. Deni halikupungua hata shilingi moja siku hiyo. Kilichopungua ni woga. Na mtu asiyeogopa anaweza kuongea na mwenye nyumba uso kwa uso, wakapatana alipe kidogo kidogo."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hivyo tusifanye haraka kusema kuwa mambo yalimwia rahisi. Ilimchukua miaka kumaliza deni lile. Lakini maneno yake yana fundisho kubwa. Nguvu ipatikanayo kwa sala ya asubuhi aghalabu si ile ya kuuondoa mzigo. Ni ile ya kuutwika na kutembea nao bila kuanguka.

Aliondoka kungali giza

Mfano wa kwanza wa Mkristo ni Bwana Yesu mwenyewe. Katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko tunasoma habari za siku yake moja yenye shughuli nyingi mjini Kapernaumu. Alifundisha katika sinagogi, akamponya mama mkwe wa Simoni, na jua lilipotua mji mzima ukakusanyika mlangoni pamoja na wagonjwa wake. Mtu angetarajia kuwa kesho yake angelala hadi jua liwe juu. Badala yake, aliamka kungali giza, akatoka akaenda mahali pasipo watu, akaomba.

Yaliyofuata ndiyo ambayo wengi wetu huyapita haraka. Simoni na wenzake walimtafuta, na walipompata wakamwambia kuwa watu wote walikuwa wakimtafuta. Kwa lugha ya siku hizi tungesema simu yake ilikuwa haitulii. Lakini Yesu hakurudi kule kwenye umati. Aliwaambia waende katika miji mingine ya jirani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoijia.

Je, si hilo ndilo tunalolikosa sisi watu wa mjini? Kila mtu anatutafuta: mwajiri, chama, harambee ya jamaa, kamati ya mazishi, deni la dukani. Asiyepata nafasi ya kutulia mbele za Mungu asubuhi huamka akakimbilia anayepiga kelele zaidi. Aliyetulia hujua la kufanya, na vilevile hujua la kuacha.

Mana haiwekwi akiba

Kuna kisa kingine katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani walipewa mana. Walitakiwa waiokote kila asubuhi, kila mtu kadiri ya mahitaji ya siku hiyo, kwa maana jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Waliojaribu kuweka akiba ya kesho waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Ni siku ya sita tu ndipo waliporuhusiwa kuokota ya siku mbili, kwa ajili ya Sabato.

Nguvu ya kiroho ni kama mana hiyo. Ibada ya Jumapili, hata ikawa ya saa tatu na kwaya tano, haiwezi kukubeba hadi Alhamisi jioni ukiwa umesimama kwenye foleni ya matatu huku mvua inanyesha. Ndiyo maana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kusali, aliwafundisha kuomba chakula cha siku ile, si cha mwaka mzima. Anayeomba nguvu za leo pekee hupunguziwa mzigo wa kesho, ambao hata hivyo hajafikia kuubeba.

Desturi hii si ngeni kwetu. Kanisa Katoliki lina Masifu ya Asubuhi na sala ya Malaika wa Bwana. Waanglikana wamerithi ibada ya asubuhi kutoka kitabu cha sala kilichotolewa Uingereza mwaka 1549, ambamo sala nyingi za watawa ziliunganishwa zikawa mbili, asubuhi na jioni, ili hata watu wa kawaida waweze kushiriki. Nao uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, uliwazoesha waumini wa kawaida kusoma Biblia na kusali kila siku majumbani mwao. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo na pia wakakataa kubeba bunduki za serikali. Msimamo kama huo haupatikani siku moja. Hujengwa kidogo kidogo, kama wahenga walivyosema kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Mbingu zikiwa kimya

Lakini vipi kuhusu asubuhi ambazo unaomba na husikii chochote? Mama wa Kayole alizipitia, na wako wasomaji ambao wanazipitia hivi sasa.

Biblia haiwafichi watu hao. Soma Zaburi ya 88. Aliyeitunga anamlilia Mungu usiku na mchana, na anasema kuwa asubuhi sala yake humfikia Mungu. Hata hivyo, zaburi hiyo haimaliziki kwa shangwe. Inaishia gizani. Ikiwa sala ya namna hiyo ilipewa nafasi katika Maandiko, basi hata wewe unayeomba huku umevunjika moyo hujafukuzwa.

Mwingine aliyejua giza hilo ni mchungaji Mjerumani, Dietrich Bonhoeffer, aliyekamatwa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1943 na kufungwa katika gereza la Tegel mjini Berlin. Krismasi ya mwaka huo aliwaandikia wafungwa wenzake sala, na mojawapo ilikuwa ya asubuhi. Hakujifanya shujaa. Alikiri giza na upweke uliokuwa ndani yake, kisha akamgeukia Mungu. Hakuachiliwa; alinyongwa Aprili 9, 1945. Lakini kila asubuhi ya kifungo hicho ilimpasa aamke na kuikabili siku, na sala hiyo inatuonyesha alikotafuta nguvu.

Jinsi ya kuanza

Wengi hushindwa kwa sababu huanza kwa kishindo. Mtu anaapa kuamka saa tisa usiku, anafanya hivyo siku tatu, ya nne anasinzia kazini na mambo yanaishia hapo. Anza na dakika kumi. Lala mapema kidogo, kwani sala ya asubuhi huanza na televisheni iliyozimwa usiku.

Tafuta pahali pamoja, hata kama ni kiti kando ya jiko. Ikiwa mnaishi chumba kimoja, pazia na kona vinatosha. Mwanafunzi wa bweni anaweza kusali kitandani kimyakimya, au atoke nje akatembee polepole. Iache simu mbali, maana ukisoma ujumbe kwanza, umeshakaribisha watu ishirini chumbani kabla ya Mungu.

Soma aya chache za Biblia. Shukuru kwa jambo moja unaloweza kulitaja. Kiri kosa la jana. Taja jambo moja unaloliogopa leo, na mtu mmoja anayehitaji msaada. Kisha nyamaza kidogo. Mwenye kuongea tu bila kusikiliza hajazungumza na mtu.

Kwa wauguzi, mabawabu na wengine wa zamu ya usiku, asubuhi yenu ni pale siku yenu inapoanzia, hata kama ni saa kumi na mbili jioni. Nanyi wanafunzi, sala haichukui nafasi ya kusoma. Jisaidie na Mungu akusaidie. Vilevile, mtu ambaye kwa majuma hapati usingizi, hali chakula au anatamani kufa, asali, lakini pia amwone daktari. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Wazazi, nawasihi jambo moja. Msigeuze sala ya familia kuwa baraza la kushtaki watoto. Baba akiomba kwa sauti, "Ee Bwana, mkumbushe huyu kijana aliyeanguka hesabu," kijana hasikii sala, anasikia matusi yaliyofungwa kwa maneno ya Biblia. Dakika tano zinatosha. Mpeni kila mtoto nafasi ya kusema jambo lake, hata kama ni kuombea paka. Na ikiwa jana mlimfokea mtoto bila sababu, asubuhi ndiyo saa nzuri ya kumwomba msamaha.

Yule mama wa Kayole aliniambia kuwa hakuwahi kuwalazimisha wanawe. Siku moja kifungua mimba wake, msichana wa kidato cha pili wakati huo, alimuuliza, "Mama, huwa unaongea na nani gizani?" Akamjibu kwa ufupi, kwani alikuwa anachelewa sokoni. Miezi ikapita. Asubuhi moja mama alishikwa na homa, akashindwa kuinuka. Akiwa amelala, alisikia sauti ndogo kutoka kona ile yake, ikimwambia Mungu kuwa leo mama ni mgonjwa na yeye binti anaogopa.

"Hapo nilijua kuwa hata nikifa bila shamba wala nyumba," alisema, "sijawaacha watoto wangu mikono mitupu."

Msomaji, kesho alfajiri, kabla hujaitazama simu, jaribu. Huhitaji maneno mazuri. Anza na lile unaloliogopa.