Chokaa, Chumvi na Mawe ya Kimboza: Kufundisha Msawazo wa Umumunyifu

Katika nyuzi joto 25, gramu 100 za maji hupokea takriban gramu 36 za chumvi ya mezani. Kijiko kinachotiwa baada ya hapo hutua chini na kubaki punje. Jiwe la chokaa hupokelewa miligramu chache tu kwa lita, na kloridi ya fedha, ambayo vitabu vingi huiita chumvi isiyomumunyuka, huacha karibu miligramu mbili katika kila lita ya maji. Hakuna chumvi isiyomumunyuka hata chembe. Zinatofautiana kwa kiasi tu, na kiasi hicho kinaweza kukadiriwa kwa hesabu.

Mwanafunzi wa Tanzania huyaona mashapo kabla ya kuielewa hesabu hiyo. Kufikia kidato cha nne, katika uchambuzi wa chumvi maabarani, amekwisha kukariri kwamba nitrati ya fedha ikikutana na kloridi hutoa mashapo meupe, na kwamba shaba hutoa mashapo ya buluu. Kidato cha tano na cha sita, kwa walio katika tahasusi za PCM, PCB na CBG, mashapo hayohayo hurudi yakiwa na alama ya Ksp, yaani zao la umumunyifu, mabano ya mraba na vipeo. Shule za Morogoro kama Kilakala na Mzumbe zimesomesha wanasayansi wengi kwa njia hiyo. Hata hivyo mwanafunzi anaweza kupata jibu sahihi la Ksp huku akiamini mambo matatu yasiyo kweli: kwamba mmumunyo ulioshiba umetulia tuli, kwamba kuongeza chumvi ngumu chini ya chombo huongeza ayoni majini, na kwamba chumvi yenye Ksp ndogo ndiyo daima inayomumunyuka kidogo zaidi. Makosa haya hayatibiwi kwa kuongeza idadi ya maswali ya hesabu.

La kwanza kufundishwa ni mwendo. Katika mmumunyo ulioshiba, ayoni huendelea kubanduka kutoka kwenye fuwele na nyingine huendelea kujipachika humo, kwa kasi ileile. Kituo cha mabasi cha Msamvu, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Iringa na Dodoma, kinatoa mfano ulio karibu: saa ambayo wanaoshuka ni wengi sawa na wanaopanda, idadi ya watu uwanjani haibadiliki, ingawa sura zinabadilika kila dakika. Mfano huo una mpaka wake na mwalimu auseme. Abiria hupanda mmojammoja, ilhali ayoni za chumvi hurudi kwenye fuwele kwa uwiano maalumu, ya chanya na ya hasi pamoja, na hapo ndipo kuzidisha kunapoingia kwenye kanuni.

Ayoni hazionekani, lakini zinaweza kufuatiliwa. Mwaka 1913, mjini Vienna, George de Hevesy na Friedrich Paneth walichanganya risasi ya kawaida na risasi yenye mnururisho, kisha wakapima umumunyifu wa kromati ya risasi kwa kufuata mnururisho huo majini. Njia ileile inaonyesha ubadilishanaji: fuwele yenye alama ya mnururisho ikiwekwa katika mmumunyo ambao tayari umeshiba, maji nayo hupata alama hiyo, ingawa uzito wa fuwele haubadiliki. Hevesy alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 kwa kazi hii ya vifuatilizi. Dakika tano za habari hii darasani zina faida kuliko mshale wa pande mbili uliochorwa ubaoni bila maelezo.

Kanuni yenyewe ililetwa na Walther Nernst mwaka 1889. Kwa kloridi ya fedha, ukolezi wa ayoni za fedha ukizidishwa kwa ukolezi wa ayoni za kloridi, zao lake katika mmumunyo ulioshiba ni lilelile kwa joto lilelile: 1.8 × 10⁻¹⁰ katika nyuzi 25. Chumvi ngumu haiingii kwenye hesabu. Iwe ni punje moja au kilo nzima, maadamu ipo, maji yana kiasi kilekile, kwa sababu rundo kubwa hutoa ayoni kwa wingi na kuzipokea kwa wingi uleule.

Vipeo ndivyo vinavyowaangusha wengi. Kromati ya fedha ina Ksp ya 1.1 × 10⁻¹², ndogo mara mia na zaidi kuliko ya kloridi ya fedha, na mwanafunzi atasema bila kusita kwamba ndiyo ngumu zaidi kumumunyuka. Lakini kila kipimo cha kromati hiyo hutoa ayoni mbili za fedha na moja ya kromati. Ukitafuta umumunyifu wenyewe, kloridi hutoa moli 1.3 × 10⁻⁵ kwa lita na kromati hutoa 6.5 × 10⁻⁵, mara tano zaidi. Ksp hulinganishwa moja kwa moja tu kati ya chumvi zenye idadi sawa ya ayoni. Mwalimu anayetoa jozi hii kwanza, kabla ya kanuni, huokoa muda mwingi baadaye.

Nitrati ya fedha ni ghali, na shule nyingi huitunza kwa ajili ya mtihani wa vitendo wa NECTA. Hilo halizuii somo. Chokaa ya kupaka ukuta, inayouzwa kwa mfuko katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ni haidroksaidi ya kalsiamu, na ndiyo kemikali bora kuliko zote kwa mada hii. Kijiko kimoja hutikiswa katika chupa ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, chupa hujazwa hadi shingoni na kufungwa, kisha huachwa usiku mzima. Asubuhi maji huchujwa upesi, maana yakiachwa wazi huvuta kabonidayoksaidi ya hewani na kufanya utando mweupe. Kama chokaa ya dukani ina mchanga, kaboneti au magnesia, si neno: vitu hivyo humumunyuka kidogo mno na hubaki kwenye chujio. Hata kiasi cha chokaa hakihitaji kupimwa, na mwalimu asiliache jambo hilo lipite kimya, kwa sababu ndilo jibu la kosa la pili. Kundi moja litie kijiko kimoja, jingine vitano, na matokeo yao yawekwe ubaoni pamoja.

Sentimeta za ujazo 25 za maji hayo, zikifanyiwa taitresheni kwa asidi ya kloridi ya 0.05 M, hutumia takriban sentimeta 21 hadi 22. Ukolezi wa haidroksaidi basi ni kama 0.043 M, wa kalsiamu ni nusu yake, na zao la umumunyifu hutoka karibu 4 × 10⁻⁵. Mwanafunzi anafungua kitabu na kukuta 5 × 10⁻⁶, pungufu mara nane. Hapo madarasa mengi huharibika. Wanafunzi huambiwa kuwa wamekosea kupima, au hurekebisha namba zao zifanane na za kitabu, na huo ni udanganyifu ambao maabara haipaswi kuufundisha. Vipimo vyao ni sahihi. Namba ya kitabu imekokotolewa kana kwamba ayoni haziathiriani, hali iliyopo katika mimumunyo hafifu sana. Maji ya chokaa yana ayoni za kutosha kuvutana, na baadhi ya kalsiamu hutembea imeshikana na haidroksaidi moja kama jozi. Kwa hiyo ayoni huonekana nyingi katika taitresheni kuliko zinavyotenda katika msawazo. Mwanafunzi wa kidato cha sita haulizwi nadharia hiyo kwenye mtihani, lakini anastahili kujua kwamba tofauti ipo na ina sababu.

Jaribio hilohilo hupanuliwa kwa ayoni shirika. Chokaa ikitikiswa katika haidroksaidi ya sodiamu ya 0.1 M badala ya maji matupu, kalsiamu inayoingia kwenye mmumunyo, kwa Ksp iliyopatikana na darasa, hushuka hadi takriban moja ya sita. Ksp haijabadilika. Upande mmoja wa zao umejazwa na mgeni, na upande wa pili umelazimika kupungua. Anayetaka kuliona jambo hilo kwa macho atumie chumvi ya mezani: matone ya asidi kali ya kloridi yakidondoshwa katika maji ya chumvi yaliyoshiba na kuchujwa, fuwele nyeupe hunyesha chombo kizima, ingawa hakuna chumvi mpya iliyotiwa. Asidi hiyo hushikwa na mwalimu, karibu na dirisha lililo wazi.

Kosa jingine ni dogo na hugharimu alama nyingi. Mimumunyo miwili ya ujazo sawa, mmoja wa nitrati ya fedha wa 2 × 10⁻⁵ M na mwingine wa chumvi wa ukolezi huohuo, inachanganywa. Mwenye haraka huzidisha na kupata 4 × 10⁻¹⁰, inayozidi Ksp, kisha hutangaza mashapo. Lakini kila mmumunyo umeukuta mwenzake na kupunguzwa nusu. Zao halisi ni 1 × 10⁻¹⁰, na hakuna kitakachotua.

Milima ya Uluguru yenyewe ni somo. Sehemu yake kubwa ni miamba ya kale ya silika iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, ambayo haitoi kalsiamu nyingi, na ndiyo sababu vijito vya milima ya aina hiyo huwa na maji laini. Upande wa mashariki, kuelekea Matombo na mto Ruvu, pana mikanda ya marumaru, na juu ya mawe hayo umeota msitu wa hifadhi wa Kimboza, makao ya mjusi mdogo wa buluu anayepatikana huko na katika misitu michache ya jirani tu. Ardhi yake ina mawe yaliyochongeka na mashimo yaliyochimbwa na maji. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo wa msituni hubeba kabonidayoksaidi inayotolewa na mizizi na majani yanayooza, asidi dhaifu hutokea, na ayoni za kaboneti hugeuzwa kuwa haidrojenikaboneti. Kaboneti ikiondolewa, zao hushuka chini ya Ksp, na jiwe huendelea kumumunyuka.

Darasani yote haya hutendeka ndani ya neli moja ya majaribio. Pumzi ikipulizwa kwa mrija katika maji ya chokaa, maji hufanya ukungu mweupe wa kaboneti ya kalsiamu. Ikiendelea kupulizwa, ukungu hutoweka, kama jiwe la Kimboza linavyoliwa. Maji hayo yakichemshwa, kabonidayoksaidi hutoka na weupe hurudi, na huo ndio ukoko unaojijenga ndani ya birika linalochemshiwa maji magumu ya kisima. Hatua tatu, misawazo miwili iliyoshikana, na gharama yake ni ya chokaa na mrija wa soda. Wanafunzi waachwe kwanza waeleze kwa Kiswahili nini kimekwenda wapi. Kiingereza cha mtihani kitapata kitu cha kusimamia.

Kwingineko nchini hesabu hii ni ya afya. Katika Arusha, Kilimanjaro na mikoa mingine iliyo kwenye Bonde la Ufa au karibu nalo, visima vingi vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto hupata rangi ya kahawia. Floridi ya kalsiamu ina Ksp ya takriban 3.5 × 10⁻¹¹, hivyo ingetarajiwa kalsiamu iishushe floridi. Lakini maji ya miamba ya volkano ya huko yana sodiamu na haidrojenikaboneti nyingi, kalsiamu yake kidogo hutua ikiwa kaboneti, na floridi hubaki bila mwenzi. Kutia chokaa peke yake hakutoshi: maji matupu yaliyoshiba floridi ya kalsiamu bado yana karibu miligramu 8 za floridi kwa lita, na kuifikisha 1.5 kungehitaji zaidi ya miligramu 220 za kalsiamu katika kila lita. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilielekeza nguvu kwenye mkaa wa mifupa, ambao madini yake ya fosfeti ya kalsiamu huikamata floridi vizuri zaidi. Swali hili, likiwekwa mbele ya darasa na namba zake halisi, hufundisha kuliko maswali kumi ya floridi isiyo na mji.

Jedwali la uchambuzi wa chumvi la kidato cha nne nalo hupata maana. Mashapo ya buluu ya shaba hupotea katika amonia ya ziada kwa sababu amonia huzishika ayoni za shaba na kuziondoa kwenye zao. Ya alumini hayapotei kwa amonia, lakini hupotea katika haidroksaidi ya sodiamu ya ziada, inayoigeuza alumini kuwa ayoni nyingine yenye chaji hasi. Kila neno la "humumunyuka ikizidi" lililokaririwa lina msawazo wa pili nyuma yake.

Linabaki suala la taka. Aiodaidi ya risasi, yenye fuwele za manjano kama dhahabu, hupendwa sana katika mada hii, na mabaki yake humwagwa kwenye sinki bila kufikiriwa. Vijito vya mji wa Morogoro huingia mto Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Risasi inaweza kufanywa itue kwa salfeti ya ziada kabla ya kutupwa, na wanafunzi wenyewe wafanye hesabu: salfeti ikiwa 0.1 M na Ksp 1.8 × 10⁻⁸, majini hubaki risasi ya 1.8 × 10⁻⁷ M, yaani mikrogramu 37 kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10. Mashapo hayo na maji yake hukusanywa katika chupa yenye kifuniko na lebo, hayamwagwi.