Mtihani wa Lugha: Usimeze Kamusi

Huenda nyumbani mwako yuko mtu anayejiandaa kwa mtihani wa GRE, ambao baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani huutaka kwa masomo ya uzamili. Sehemu ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41. Ukimwona akikariri orodha za maneno ya Kiingereza usiku kucha, mzuie. Mimi nilikariri hivyo. Maneno niliyajua, sentensi zikanishinda.

Maswali ya vinyume, yaliyowafaa wakariri, yaliondolewa mwaka 2011. Sasa neno hupimwa ndani ya sentensi. Basi na afunike majibu kwa kiganja, asome sentensi yenye pengo na kutafuta kiungo chake: «ingawa» hugeuza maana, «kwa sababu» huiendeleza. Ajaze pengo kwa neno lake mwenyewe, hata la Kiswahili, ndipo afunue majibu. Penye mapengo matatu, kosa moja hupoteza swali zima. Lakini jibu baya halipunguzi alama nyingine, kwa hiyo asiache swali tupu.

Nanyi wa nyumbani, mpeni dakika hizo 41 kila jioni, redio ikiwa imezimwa.